Utabiri wa majira ya baridi katika nyanda za kaskazini za Marekani: chanzo kipi kwa uamuzi upi

Mtu anayeishi Fargo, Grand Forks, Bismarck, Aberdeen au Sioux Falls, miji ya majimbo ya North Dakota na South Dakota, hapungukiwi na utabiri wa hali ya hewa. Simu ina wake, televisheni ina wake, serikali ina wake, jirani mkulima ana wake, na mara nyingi yote minne haisemi jambo moja. Kinachomtatiza ni kujua aufuate upi pale anapotakiwa kuamua: asafiri leo usiku au asubiri kesho, aende kazini alfajiri au ampigie simu msimamizi wake mapema, awatoe watoto kwenda kanisani au wabaki nyumbani. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya maamuzi ya namna hiyo, na nimewafikiria hasa wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania wakahamia miji hii bila kuwahi kuishi na theluji. Nimeona kwamba kosa letu la kwanza, karibu sote, ni lilelile: tunauliza theluji itaanguka kiasi gani, ilhali swali la kwanza katika nyanda hizi ni upepo utavuma kiasi gani.

Upepo kabla ya theluji

Bonde la Mto Red, mto unaozitenga North Dakota na Minnesota, ni tambarare kupita kiasi. Ni sakafu ya ziwa kubwa la kale lililotokana na kuyeyuka kwa barafu, ambalo wanajiolojia huliita Agassiz, na kutoka Fargo hadi mpaka wa Kanada hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia upepo unaoshuka kutoka kaskazini. Ndiyo maana Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, inayojulikana kwa herufi NWS, haipimi tufani ya theluji kwa inchi. Kwa Idara hiyo, tufani ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, yaani kilomita 56, au mivumo ya ghafla na ya mara kwa mara yenye nguvu hiyo, pamoja na theluji inayoanguka au inayopeperushwa hadi mtu asiweze kuona mbali zaidi ya robo maili, ambayo ni mita 400 hivi, na hali hiyo idumu kwa saa tatu au zaidi. Maelezo hayo hayataji kiasi cha theluji wala kiwango cha baridi. Theluji iliyoanguka juzi, ikiwa bado ni kavu kama unga wa muhogo, inatosha kabisa.

Nililijua hilo kwa njia mbaya. Asubuhi moja ya Januari niliondoka Fargo kwenda Grand Forks kwa barabara ya I-29, mwendo wa maili 80. Programu ya simu yangu ilionyesha picha ya jua na asilimia sifuri ya theluji, na kweli anga lilikuwa la buluu safi kutoka upeo hadi upeo. Chini, theluji ilikuwa ikivuka lami kwa mistari myembamba, kama mchanga mkavu ufukoni wakati kusi inapovuma kwa nguvu. Baada ya maili thelathini ile mistari ilikuwa imekuwa ukuta mweupe uliofika juu ya kioo cha mbele. Sikuona mstari wa njia, sikuona taa za gari lililokuwa mbele yangu, hata boneti ya gari langu ilikuwa ikipotea na kurudi, ingawa kila nilipoinua macho niliona buluu ileile juu. Nilitoka barabarani kwenye njia ya kwanza ya kuchepukia, nikikisia zaidi kuliko kuona, nikakaa saa tano katika kituo cha mafuta pamoja na madereva wa malori waliokuwa wameegesha hapo tangu alfajiri kwa sababu walikuwa wamesoma tangazo la tufani usiku uliotangulia. Programu yangu haikunidanganya, maana jua lilikuwepo na theluji haikuanguka. Ilinijibu swali nililoliuliza, na swali lenyewe halikuwa lile la kuuliza.

Picha ya kwenye simu na ukurasa wa Idara

Programu nyingi za simu hutengenezwa na kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho: huchukua matokeo ya modeli moja au kadhaa, yaani hesabu za kompyuta zinazokisia hewa itakavyokuwa, zikayachanganya, zikayageuza kuwa picha ndogo na namba mbili. Kwa halijoto ya kesho kutwa zinatosha, na sioni sababu ya kumkataza mtu kuitazama yake anapochagua koti. Udhaifu wake ni wa aina tatu, na yote mitatu ni mikubwa zaidi huku kuliko mahali pengine. Picha moja husimama kwa siku nzima, ilhali tufani huweza kuingia saa nane mchana na kukuta watoto shuleni. Upepo umefichwa katika ukurasa wa pili au wa tatu, na mara nyingi ni wastani bila ile mivumo ya ghafla. Tena siku ya kumi huandikwa kwa herufi zilezile na kwa uhakika uleule kama kesho, bila dalili yoyote kwamba yule anayesema hajui.

Ukurasa wa Idara, weather.gov, hauna mvuto wa macho, lakini hauna matangazo ya biashara wala malipo, na utabiri wake umepita mikononi mwa watu wanaofanya kazi usiku na mchana katika ofisi zilizo karibu na unapoishi. Ofisi ya Grand Forks huhudumia mashariki ya North Dakota na kaskazini-magharibi ya Minnesota. Ile ya Bismarck huhudumia sehemu iliyobaki ya North Dakota. South Dakota imegawanywa hasa kati ya Aberdeen, Rapid City na Sioux Falls. Ukiingia kwenye ukurasa huo ukabonyeza ramani mahali ulipo, utapata utabiri wa mraba wa kilomita mbili na nusu. Ndani yake kuna mchoro wa saa kwa saa ambao nawasihi watu wote waujue: mstari mmoja ni halijoto, mwingine ni halijoto inavyohisiwa mwilini, na chini yake ni upepo pamoja na mivumo yake. Kwa anayejipanga kwenda kazini, mchoro huo mmoja una thamani kuliko picha zote za jua na mawingu.

Tofauti kati ya halijoto na jinsi inavyohisiwa si ya kupuuza. Ikiwa kipimajoto kinasoma sifuri ya Farenhaiti, ambayo ni Selsiasi 18 chini ya sifuri, na upepo ni wa maili 15 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba hewa ni Farenhaiti 19 chini ya sifuri, yaani Selsiasi 28 chini ya sifuri, na inaweza kuumwa na barafu ndani ya dakika 30. Mtoto anayesubiri basi la shule bila glavu yuko ndani ya hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine katika ukurasa wa Idara ambalo wengi hawajawahi kulibonyeza, nalo ni maelezo ya watabiri wenyewe, yanayoitwa Area Forecast Discussion. Ni maandishi matupu, Kiingereza chake ni cha kitaalamu kidogo, lakini hapo ndipo mtabiri anapoandika kinachomtia shaka: kwamba theluji iliyoko ardhini iliyeyuka kidogo juma lililopita ikaganda juu, kwa hiyo huenda isipeperuke hata upepo ukifika maili 40, au kwamba modeli mbili zinaweka njia ya dhoruba umbali wa maili 100 moja na nyingine. Hakuna programu ya simu itakayokuambia kuhusu gamba la theluji katika mashamba ya magharibi ya Fargo. Mtu aliyekaa Grand Forks analijua kwa sababu analikanyaga.

Umuhimu wa watabiri kuwa karibu ulilipiwa kwa maisha. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya uvuguvugu huko Minnesota, na wawindaji wa bata walikwenda visiwani na kwenye vinamasi vya Mto Mississippi wakiwa na nguo nyepesi. Wakati huo utabiri wa eneo hilo ulitoka Chicago, na ofisi ile haikuwa na mtu wa zamu usiku kucha. Tufani iliingia mchana, halijoto ikaporomoka, na watu 49 wakafa Minnesota peke yake, karibu nusu yao wawindaji wa bata. Baada ya hapo kazi ya utabiri ilifanywa ya saa 24 na ofisi za huko zikapewa mamlaka ya kutoa utabiri wao wenyewe. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba kompyuta moja kubwa mahali fulani inatosha, huwakumbuka wale watu.

Watch, Warning na Advisory

Matangazo ya Idara hayatolewi kwa Kiswahili, kwa hiyo ni lazima maneno haya matatu tuyafahamu kama tunavyofahamu majina ya barabara. Watch maana yake hatari inawezekana lakini haijathibitika, na kwa dhoruba za majira ya baridi kwa kawaida hutolewa siku moja hadi tatu kabla; huo ndio wakati wa kubadilisha safari, kununua chakula na dawa, na kumwomba mwenzako mbadilishane zamu. Warning maana yake hatari inakuja au imekwisha kufika. Huo si wakati wa kujipanga tena. Advisory ni ya usumbufu zaidi kuliko hatari, ingawa kwa mtu mwenye gari bovu mpaka kati ya hayo mawili ni mwembamba sana.

Watu huuliza ipi ni mbaya zaidi kati ya Winter Storm Warning na Blizzard Warning. Ya kwanza inahusu hasa wingi wa theluji au barafu, na mara nyingi inaweza kuvumiliwa mjini kwa mwendo wa polepole. Ya pili, ambayo ndiyo ile tufani niliyoieleza juu, inahusu kutoona. Nje ya mji mimi huiogopa ya pili zaidi, hata ikitaja inchi mbili tu za theluji. Matangazo ya baridi kali yamebadilishwa majina tangu Oktoba 2024: lililokuwa Wind Chill Warning sasa ni Extreme Cold Warning, na lililokuwa Wind Chill Advisory sasa ni Cold Weather Advisory, kwa hiyo kadi za zamani zilizobandikwa kwenye friji zinafaa kubadilishwa.

Kwa mzee asiyesoma Kiingereza, njia rahisi ni rangi za ramani ya Idara. Buluu ya kijivujivu ni Watch ya dhoruba ya majira ya baridi, waridi kali ni Winter Storm Warning, na rangi ya chungwa inayoelekea wekundu ni Blizzard Warning. Nimemwona mama mmoja mtu mzima akiisoma ramani hiyo vizuri kuliko wajukuu zake, kwa sababu aliambiwa jambo moja tu: ukiona chungwa jekundu juu ya mji wetu, hakuna anayetoka.

Msidhani simu italia yenyewe. Idara iliacha kutuma tangazo la Blizzard Warning kwa njia ya ule mlio mkali wa dharura wa simu mwaka 2013. Mlio huo hutumika kwa tangazo la wimbi fupi la theluji na upepo liitwalo Snow Squall Warning, ambalo lilianza kutolewa 2018, na hilo hudumu kwa dakika, si kwa saa. Tufani inayofunga barabara kwa siku nzima inaweza kuja huku simu imekaa kimya mfukoni, isipokuwa umeweka programu inayoleta matangazo ya Idara, au una redio ndogo ya hali ya hewa ya NOAA, taasisi mama ya Idara, ambayo hufanya kazi hata mtandao wa simu ukikatika.

Modeli za kompyuta kwa wanaopenda kuziangalia

Siku hizi ramani za modeli zinapatikana bure, na watu wetu wengi huzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Sioni ubaya, ila kila modeli ni chombo cha kazi yake. Ya Ulaya hutolewa na kituo cha ECMWF, kilichoanzishwa 1975, chenye makao yake Reading, Uingereza. Ya Marekani, GFS, huendeshwa mara nne kwa siku na hutazama hadi siku 16 mbele. Kwa wastani wa miaka mingi ile ya Ulaya imekuwa sahihi zaidi kwa siku za katikati, tuseme ya tatu hadi ya saba, na kama ningelazimika kuchagua moja kwa ajili ya safari ya mwisho wa juma lijalo, ningechagua hiyo. Kwa dhoruba moja mahususi, hata hivyo, yoyote kati yao inaweza kushinda, na ya Kanada pia si ya kudharauliwa, maana dhoruba zetu nyingi huzaliwa upande wa mashariki wa milima ya Alberta kabla hazijavuka mpaka.

Aina ya dhoruba hubadilisha uzito wa kila modeli. Dhoruba inayoshuka kutoka Alberta ni ndogo, ina mbio na unyevu mchache. Huleta inchi chache za theluji kavu, kisha upepo mkali na baridi. Kwa kuwa ni ndogo, modeli huweza kuikosa au kuikosea njia hadi siku mbili kabla. Dhoruba inayotoka Colorado ni kubwa na ya polepole, huvuta unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, na mara nyingi huonekana siku tano au sita kabla, lakini njia yake ikihama maili 60 tu, mji uliotazamia futi moja ya theluji unapata mvua au haupati kitu. Hata inchi zenyewe zina hila: inchi moja ya maji hufanya inchi kumi hivi za theluji nzito karibu na kiwango cha kuganda, na hufika ishirini za theluji nyepesi wakati wa baridi kali. Ile nyepesi ndiyo ipeperukayo.

Kwa saa 18 za mwisho acheni hizo kubwa na mfungue modeli iitwayo HRRR. Hii huendeshwa kila saa kwa Marekani, miraba yake ni ya kilomita tatu badala ya kilomita tisa au kumi na tatu za zile nyingine, na mara nne kwa siku hurefushwa hadi saa 48. Inafaa kwa swali la kwamba upepo utaanza saa tisa au saa kumi na moja jioni, swali ambalo kwa mtu anayemaliza zamu ndilo lote.

Modeli zote hula chakula kimoja, ambacho ni vipimo. Puto zinazopaa mara mbili kwa siku kutoka vituo kama Bismarck, Glasgow ya Montana na International Falls hupima hewa ya juu ambayo setilaiti haiioni vizuri. Machi 2025 Idara ilitangaza kwamba kwa upungufu wa watumishi puto za Rapid City zingesimamishwa na za Aberdeen zingepaa mara moja tu kwa siku. Kwa sisi tunaoishi chini ya hewa hiyo, habari hiyo ilistahili kusikitikiwa kuliko ilivyosikitikiwa.

Namba moja au masafa ya namba

Hapa ndipo ninapoweka uzito wa ulinganisho wote. Kati ya chanzo kinachokupa namba moja na chanzo kinachokupa masafa, chagua cha pili, hata kama cha kwanza kinaonekana kuwa na uhakika zaidi. Kituo cha Ulaya huiendesha modeli yake mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya mwanzo. Wamarekani huiendesha yao mara 31. Majibu yakikaribiana, mtabiri ana haki ya kujiamini, na yakitawanyika, namba yoyote moja utakayoonyeshwa ni bahati nasibu. Ile ramani ya siku ya kumi yenye rangi ya zambarau na inchi 24 inayotumwa kwenye simu usiku wa manane kwa kawaida ni jibu moja, na mwenye kuituma hajayatazama mengine. Ofisi za Idara nazo huweka ramani tatu za theluji: kiasi kinachotarajiwa, kiasi cha chini ambacho kuna nafasi moja tu kati ya kumi kwamba theluji itapungua zaidi ya hapo, na kiasi cha juu ambacho kuna nafasi moja kati ya kumi kwamba itakipita. Mimi husoma ile ya juu kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua.

Grand Forks wanalijua jambo hili kuliko mji wowote. Majira ya baridi ya 1996 hadi 1997 yalileta tufani nane zilizopewa majina na gazeti la mji huo, ya mwisho ikiwa ni Hannah mwanzoni mwa Aprili, na Fargo ilipata inchi 117 za theluji, karibu mita tatu. Theluji hiyo ilipoanza kuyeyuka, utabiri wa kilele cha Mto Red ulitolewa kama namba moja: futi 49. Watu wakajenga kingo kwa namba hiyo na nyongeza ya futi chache, wakijaza mifuko ya mchanga mchana na usiku. Mto ukafika futi 54.35. Makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa, na katikati ya mji majengo 11 yakaungua ndani ya maji. Watabiri walijua kwamba namba yao ina shaka ya kwenda juu na chini, lakini waliosikia redioni walibaki na 49 vichwani mwao, kwa sababu ndiyo pekee waliyopewa kuishika.

Rada, kamera na vipimo vya ardhini

Kwa uamuzi wa sasa hivi, watu hukimbilia rada, nayo katika nyanda hizi huhadaa. Rada inayohudumia bonde la Mto Red iko Mayville, kati ya Fargo na Grand Forks. Kwa kuwa dunia imepinda na mwale wa rada umeinuliwa kidogo, kwa umbali wa kilomita 100 mwale huo hupita kilomita moja na nusu juu ya ardhi, wakati theluji inayopeperushwa iko katika makumi ya mita za chini. Rada itaonyesha uwazi mtupu na barabara itakuwa haionekani.

Kamera za barabarani zinashinda. Programu ya ND Roads ya North Dakota, 511 ya Minnesota na SD511 ya South Dakota zinaonyesha picha za barabara kuu pamoja na hali yake, na North Dakota ikiandika No Travel Advised, huo si ushauri wa kujadiliana nao. Kwa upepo wenyewe, Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota kina mtandao wa vituo uitwao NDAWN, uliowekwa kwa ajili ya wakulima, unaoonyesha upepo na halijoto kutoka mashambani, mbali na miji na viwanja vya ndege. Ukiona kituo kilicho maili 40 upande wa magharibi kimeruka kutoka maili 12 hadi 38 kwa saa, una chini ya saa mbili.

Televisheni za hapa zina watabiri wazoefu, na faida yao kubwa ni kutangaza shule na kazi zilizofungwa. Zinafuata matangazo ya Idara, kwa hiyo mtu anayemwelewa mtangazaji kuliko maandishi hapotezi kitu kwa kuzitegemea.

Majira mazima

Mwezi Oktoba kila mtu huuliza kama majira yanayokuja yatakuwa makali. Kituo cha Utabiri wa Tabianchi cha Marekani hutoa ramani za miezi mitatu mitatu, na makosa ya kuisoma ni mengi: rangi ya buluu yenye asilimia 40 haisemi kwamba kutakuwa na baridi, inasema tu kwamba nafasi ya kuwa na baridi kuliko kawaida imepanda kutoka theluthi moja hadi mbili kwa tano. Nguvu kubwa ya ramani hizo hutoka bahari ya Pasifiki. El Niño, yaani bahari hiyo inapopata joto kuliko kawaida, hiyohiyo inayoleta mvua kubwa za vuli nyumbani Afrika Mashariki, kwa kawaida hulegeza baridi ya nyanda za kaskazini, na La Niña, inapopoa, huelekea kuikaza. Mwishoni mwa 2023 wenzetu walipokuwa wakihesabu hasara za mafuriko Kenya na Somalia, sisi tuliingia katika majira ya baridi yenye joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika majimbo 48 yanayopakana. Almanaka za wakulima, ambazo ile ya zamani zaidi imechapishwa tangu 1792, hudai usahihi wa asilimia 80. Wanasayansi waliozipima walikuta matokeo karibu na kurusha shilingi. Zisomwe kwa mapenzi, lakini bajeti ya mafuta ya kupasha nyumba isiwekwe juu yake.

Nani achague nini

Anayefanya kazi mjini na kurudi nyumbani kwa dakika ishirini anatosheka na mchoro wa saa kwa saa wa Idara, akiutazama jioni kabla ya kulala na tena anapoamka. Familia inayopanga safari ya arusi au msiba, Fargo kwenda Sioux Falls au Minneapolis, ianze kusoma maelezo ya watabiri siku tano kabla, iangalie kama wanaandika kwamba modeli zinakubaliana, na ikiona Watch itangulize safari kwa siku moja badala ya kutumaini kwamba tangazo litaondolewa. Msiba una haraka yake, nalijua hilo, na ni vigumu kumwambia mtu asiende kumzika ndugu yake. Mwambieni aende mapema, au aende baada ya upepo kutulia.

Dereva wa lori ana uamuzi mgumu kuliko wote, kwa sababu mzigo una saa yake na I-94 kutoka Fargo hadi Bismarck ni karibu maili 200 zenye vituo vichache. Kwake yeye utabiri wa siku tatu ni wa kumwambia mwenye mzigo mapema, HRRR na vipimo vya NDAWN ni vya asubuhi ya safari, na kamera ni za kila kituo. Akisimama Jamestown, aitazame kamera iliyo mbele yake, si ile aliyoipita. Nguzo za kando ya barabara zikiwa zinaonekana mbili au tatu tu kwenye picha, na anga juu yake ni la buluu, akae hapo.